“Run”: neno fupi lenye maana 645

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni neno gani la kawaida la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko mengine, na mwanafunzi alimudu vipi bila kukariri kamusi nzima. Sehemu ya kwanza watunga kamusi wamekwisha kuijibu. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989, nafasi hiyo ilikuwa ya kitenzi “set”, kilichohesabiwa maana 430. Kamusi ilipoendelea kurekebishwa, “run” ikakipita: Peter Gilliver, mmoja wa wahariri, aliishughulikia kwa miezi kama tisa, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba, kikiwa kitenzi tu, kina maana 645.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu hapa Mikindani mafundi wa mashine za boti huniletea vijitabu vya maelekezo niwasomee, na “run” imejaa humo kama mchanga. Kijitabu kimoja kinaagiza kwamba mashine mpya iwe “run in” kwa saa zake za mwanzo. Anayejua kwamba neno hilo ni kukimbia atadhani anaambiwa aipeleke mbio, ilhali maana yake ni kinyume kabisa: aiendeshe taratibu, bila kuilazimisha, mpaka vyuma vyake vizoeane. Mistari michache chini yake kuna onyo kwamba isiwe “run” bila maji, yaani isiwashwe ikiwa nchi kavu, kwa kuwa kigurudumu cha mpira chenye mapezi kilichomo ndani ya pampu hutegemea maji yale yale kinayoyavuta, na kikikosa maji huungua kwa muda mfupi. Kisha inasemwa kwamba mafuta yaki-“run low” taa itawaka, maana yake yakikaribia kwisha. Katika ukurasa huo mmoja hakuna hata mahali pamoja ambapo “kukimbia” ingefaa.

Wingi huo wa maana haukuja kwa bahati. Tangu zamani neno hili lilihusu mwendo wa miguu na pia mwendo wa maji. Ndugu yake wa Kijerumani, “rinnen”, mpaka leo maana yake ni kutiririka. Ndiyo maana Mwingereza akiutazama Ruvuma anaweza kusema, bila kuona ajabu yoyote, kwamba unakimbia kuelekea Bahari ya Hindi. Zilipokuja mashine za mvuke, kisha reli na viwanda, kila kilichokwenda bila kusimama kikapewa neno hilo: injini, gari moshi lenye ratiba, kiwanda chenyewe, na hatimaye mtu anayekisimamia. Kompyuta nazo zilipofika hazikutafutiwa neno jipya. Hata wenye lugha hawakubaliani katika kila jambo: mgombea wa Marekani hukimbia (“run”), wa Uingereza husimama (“stand”), na sisi, ambao nadhani tumeiona siasa vizuri zaidi, tunasema anagombea.

Asitokee mtu wa kudhani kwamba huu ni ugonjwa wa Kiingereza peke yake. Kukimbia kwetu nako kuna upana wake. Wazee wa huku kusini wakisema kwamba fulani alikimbia Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1964, hawazungumzii kasi ya miguu, kwani huenda alivuka Ruvuma kwa mtumbwi na mizigo kichwani, akienda polepole. Na ukitaka neno la kushindana na “run”, chukua kupiga. Korosho zinapigwa mnada, nguo zinapigwa pasi, sakafu inapigwa deki, mgeni anapiga hodi, mpiga kura anapiga kura, na katika hayo yote hakuna aliyepigwa. Mtoto wa Kimwera au wa Kimakonde hakufundishwa orodha ya matumizi hayo; alisikia “piga” pamoja na jina linalolifuata, akavichukua viwili hivyo kama kitu kimoja.

Tofauti ni kwamba “piga” huongozwa na jina linalokuja baada yake, ilhali “run” huongozwa mara nyingi na pande mbili: anayetenda, na kale kaneno kadogo kanakofuata. Kwa hiyo ningemshauri mwanafunzi, kabla ya kufungua kamusi, ajiulize kwanza ni nani au nini kina-“run”: mtu, maji, mashine, au duka. Kisha atazame kama baada yake pana “in”, “out”, “into” au “over”, kwa maana ukimwambia mtu kwamba umem-“run into” rafiki yako mjini Lindi, umekutana naye kwa bahati, lakini ukisema umem-“run over”, umemgonga na gari na polisi watakuhitaji. Vishazi vya namna hii aviandike daftarini vikiwa vizima, na asiliandike neno “run” peke yake na kuliwekea mshale wa kukimbia.

Kuhusu “run” ya mchezo wa kriketi, na ile ya soksi ndefu za kike zilizofumuka mstari mzima, zinaweza kusubiri hadi siku atakapokutana nazo.