Nyasi za chini ya mwembe
Dada, umeuliza kwa nini ukoka wako wa chini ya mwembe huko Nyegezi, Mwanza, unakufa. Haufi kwa kukosa mbolea. Ukoka unataka jua kali. Chini ya mwembe utanyong'onyea hata ukiumwagilia kila siku. Tafuta Stenotaphrum secundatum, nyasi inayovumilia kivuli: majani mapana, shina linatambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo. Muuza miche muandikie jina hilo. Udongo wetu wa juu ya majabali ni wa kichanga na mwembamba, kwa hiyo changanya samadi iliyooza kwanza, kisha panda vipande vya shina kila sentimita 30, mvua za vuli zikishashika. Usikate chini ya sentimita 7, maana kivulini jani refu ndilo linalonasa mwanga mchache uliopo. Na tafadhali punguza matawi ya chini ya mwembe. Giza totoro hakuna nyasi inayolivumilia.