Diski uliyonunua si ruhusa ya kuonyesha filamu ukumbini

Simamisha hayo mabango, dada. Projekta baadaye.

Unataka kuwaonyesha watu filamu ukumbini, na umeuliza projekta gani inafaa ukumbi wa watu mia, mjadala uongozwe na nani, na wageni wapewe nini. Katikati hapo umepitisha kama jambo dogo kwamba diski ya filamu hiyo, Losing Ground ya Kathleen Collins, umeshaiagiza mtandaoni, na kwa kuwa kiingilio ni bure hakuna shida. Shida iko hapo hapo. Mimi niliangukia hapo, na filamu ilikuwa hiyo hiyo.

Mwaka juzi, huku Minneapolis, Marekani, kikundi chetu cha akina mama kilitaka kuionyesha jioni ya Jumamosi. Jamaa mmoja aliyejitambulisha kuwa mzoefu wa shughuli za namna hii akatuhakikishia kwamba ukishanunua diski ni mali yako, na usipotoza watu hela sheria haikugusi. Alisema bila kusita hata kidogo, tukamwamini. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira. Kama hujui, sema hujui! Hasara haikuwa yake. Ilikuwa ya akina mama waliochanga dola kumikumi.

Tukalipia ukumbi dola 350. Tukachapa mabango 150, tukayabandika makanisani, msikitini na kwenye maduka ya Wasomali. Alhamisi jioni msimamizi wa ukumbi akaniomba barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye haki za filamu. Nikampa risiti ya diski. Akaisoma, akanirudishia.

Ndipo nilipoenda kuisoma sheria yenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inahesabu kuwa umeonyesha hadharani ukifanya hivyo mahali palipo wazi kwa umma, au palipokusanyika watu wengi wasio wa familia yako na marafiki zake wa kawaida. Kutotoza kiingilio hakukuokoi. Mwalimu akiwa darasani na wanafunzi wake, katika shule isiyo ya biashara, ana nafuu yake. Ukumbi wa jumuiya si darasa, hata mkiweka mjadala baadaye. Ukinunua diski umenunua ya kutazama nyumbani, basi.

Usiku ule nikamwandikia msambazaji wa filamu hiyo, anayetoa ruhusa. Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi milango ikabaki imefungwa, pesa ya ukumbi hairudi, nami nimesimama nje kwenye baridi nikiwarudisha watu mmoja mmoja. Sambusa peke yake ndizo hazikuhitaji ruhusa ya mtu, tukazigawa pale pale kwenye maegesho. Alikuja mama mmoja mtu mzima, Mmarekani mweusi, ameendesha gari kwa muda wa saa mbili. Alikuwa amesoma hadithi fupi za Kathleen Collins zilizochapishwa mwaka 2016, na filamu yake hajawahi kuiona. Sikuwa na la kumwambia.

Jumatatu jibu likaja, la upole kabisa. Ada kwa kikundi kama chetu ilikuwa dola 200, pamoja na nakala iliyokarabatiwa. Dola 200! Tulichopoteza kilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Na kinachoniuma si pesa tu. Collins aliitengeneza filamu hii mwaka 1982: Sara, profesa wa falsafa, mwanamke mweusi anayeishi ndani ya vitabu, na mumewe Victor, mchoraji, wakiwa mapumzikoni nje ya jiji la New York wakati wa kiangazi huku ndoa yao ikitikisika. Haikupata kusambazwa kwenye kumbi za sinema akiwa hai. Alifariki mwaka 1988 kwa saratani, akiwa na miaka 46. Binti yake, Nina, ndiye aliyeziokoa negativu, yaani mikanda asilia ya filamu, na filamu ikatoka upya mwaka 2015. Mwaka 2020 iliingizwa kwenye orodha ya taifa la Marekani ya filamu za kuhifadhiwa. Kazi iliyosubiri zaidi ya miaka 30 kupata watazamaji, sisi tuionyeshe kwa mlango wa nyuma bila hata kuwauliza wenyewe? Ile ada ndiyo inayowapa wanaookoa filamu hizi nguvu ya kuokoa nyingine.

Kwa hiyo shika hili: ruhusa iliyoandikwa kwanza, ukumbi baadaye, bango mwisho. Si ruhusa ya kwenye simu, wala ya mtu aliyesema amezungumza nao. Karatasi yenye jina la filamu, tarehe, mahali, idadi ya watu na kama kuna kiingilio. Waandikie miezi miwili kabla, na uwaombe wakueleze watakutumia nakala ya aina gani, ili uijaribu kwenye mashine ya ukumbi huo huo, si ya nyumbani kwako.

Mambo ya projekta na mjadala wengine humu watakusaidia. Umesema mabango yanatoka kesho mchana. Wapigie wachapaji sasa hivi.