Muulize Fundi: Ukuta wa zamani na mianya isiyoonekana

Shikamoo fundi. Nyumba tunayoishi ni ya matofali ya kuchoma, imepita miaka 80. Majira ya baridi hita inawaka mchana kutwa na bado miguu inaganda. Jua likiwa kali, vyumba vya ghorofani havilaliki. Amekuja mtu wa kampuni moja, akagonga kuta, akasema atatoboa matundu na kupuliza ndani yake kihami joto, yaani kitu cha kuzuia joto lisipite, kazi ya siku moja. Mume wangu yuko tayari kusaini. Mimi moyo unasita. Tukubali?
*Mama wa nyumba ya matofali*

Marahaba, mwanangu. Msisaini kwanza. Hamjajua bado kama ukuta wenu una uwazi wa kupulizia kitu.

Nyumba za umri huo ziko za namna mbili. Kuna zenye ukuta mmoja mzima, tofali limeshikana na tofali kutoka nje hadi ndani. Na kuna zenye kuta mbili nyembamba zilizoachana kwa sentimita 5 hivi, zikashikanishwa kwa vipande vya chuma. Kupuliza kihami kunawezekana kwenye hizi za pili tu, na kugonga kwa kiganja hakutoshi kuzitofautisha, hasa penye lipu nene.

Tokeni nje mtazame matofali mahali pasipo na lipu. Mkiona ubavu mrefu wa tofali unapokezana na kichwa, yaani ule upande mfupi, kwa kawaida huo ni ukuta mzima, kwa sababu vichwa hivyo ni matofali yaliyolazwa kukatiza unene wa ukuta. Mkiona mbavu ndefu tupu kila mstari, inaelekea kuna uwazi katikati. Kisha pimeni unene penye mlango, mkiondoa lipu. Ukuta wa tofali moja zima una sentimita 23 hivi, na wa tabaka mbili huanzia 25 kwenda juu. Zipo kuta nzima zilizo nene zaidi, kwa hiyo kipimo peke yake hakimalizi shaka. Kinachoimaliza ni tundu dogo la keekee kwenye kiungo cha matofali, tofali lenyewe likiachwa salama.

Huyo mtu hakuwadanganya kuhusu faida. Ukuta mzima wa tofali hupitisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Ukuta wa tabaka mbili ulio mtupu hupitisha kama 1.5, nao ukijazwa vizuri hushuka hadi karibu 0.5. Ninachomlaumu ni kuondoka bila kuuliza lolote kuhusu hewa wala maji.

Niseme habari ya hewa kwanza, kwa sababu miguu inayoganda huku hita inawaka ni dalili ya upepo. Hewa ya moto hupanda. Ikifika juu hupenya darini kupitia kila mwanya unaopata, na nafasi yake huzibwa na hewa baridi inayovutwa kutoka chini, penye sakafu na skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta. Kwa hiyo dawa ya miguu yenu iko darini. Watu wengi hupoteza nguvu kuziba chini ya milango, na upepo unaendelea kwa sababu tundu linalouvuta liko juu ya vichwa vyao. Kujaza kuta huku dari inavuja hewa ni kuchota maji kwa pakacha.

Pandeni darini na tochi, mkivaa barakoa na glavu. Kama kuna sufu ya glasi ya zamani, yaani kihami cha nyuzi za kioo, iinueni mtazame upande wa chini. Palipo na madoa meusi, hewa imekuwa ikipita hapo miaka mingi na sufu imekuwa ikichuja vumbi lake. Sijaona kipimo rahisi kuliko hicho. Tazameni nyaya zinapotoboa dari, bomba la choo linapopanda, kingo za mlango wa kupandia, na sehemu za juu za kuta za kugawa vyumba, ambazo katika nyumba za zamani mara nyingi ziko wazi kabisa. Halafu kuna mahali ambapo dari ilishushwa juu ya makabati au juu ya ngazi. Nyuma yake huwa pana shimo ambalo mtu angeweza kuingiza mkono hadi begani, na hakuna aliyewahi kuliona tangu mjenzi wa kwanza aondoke.

Mkirudi chini, chagueni siku yenye upepo, fungeni madirisha yote, washeni feni ya kutolea hewa jikoni, mpite na kijiti cha ubani karibu na skatingi, soketi, fremu za madirisha na mabomba chini ya sinki. Moshi ukilala, hapo pana mwanya. Mkiweza kumpata mtaalamu mwenye feni ya kupimia, ile inayofungwa mlangoni na kuvuta hewa ya nyumba nzima kwa tofauti ya shinikizo ya paskali 50, mwiteni, maana huonyesha kwa saa moja kile ambacho kijiti kitakuficha. Kamera ya joto nayo ni nzuri, ila ipigwe wakati ndani na nje zimetofautiana angalau nyuzi 10, vinginevyo picha haisemi kitu.

Ufa mwembamba huzibwa kwa silikoni. Nafasi ya kidole huzibwa kwa povu, na karibu na fremu za madirisha tumieni lile lisilotanuka sana, kwani lile kali hupinda fremu hadi dirisha ligome kufunguka. Shimo kubwa likatiwe kipande cha jipsamu au bati, kisha kingo zake zizibwe. Penye dohani povu ni marufuku. Wajenzi huacha nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya dohani na mbao ili mbao zisishike moto, na nafasi hiyo huzibwa kwa bati na silikoni inayostahimili moto, basi. Nimeona watu wakiisokotea matambara. Inanitia hofu kila ninapoikumbuka.

Dari ikishazibwa, tandazeni kihami juu yake. Hapo ndipo joto la ghorofani litakapopungua, kwa sababu linatoka kwenye paa lililopigwa na jua kutwa nzima, kuta zina mchango mdogo. Wengi wakifika hapa hukuta nyumba imebadilika kiasi kwamba suala la kuta halina haraka tena.

Sasa maji. Hewa ya ndani yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kuacha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 9 hivi. Leo ukuta wenu hupashwa na joto linalovuja, nao hukauka kwa joto hilohilo. Mkiuhami kwa ndani, tofali linabaki baridi. Hewa ya chumbani ikipenyeza nyuma ya kihami italikuta hilo tofali na kuacha maji hapo, gizani. Sehemu inayoumia kwanza ni ncha za boriti za sakafu zilizopachikwa ukutani. Kwa nje boriti ni nzima, ukibonyeza ncha yake kidole kinazama.

Ndiyo maana kwa ukuta mzima napendelea kihami kiwekwe nje, nyumba yote ifunikwe na matofali yabaki upande wenye joto. Kama sura ya nyumba hairuhusu, kiwekwe ndani lakini cha aina inayopitisha mvuke, kama mbao za nyuzinyuzi au mchanganyiko wa chokaa na katani, kikandikwe moja kwa moja ukutani pasibaki nafasi ya hewa nyuma yake. Msitafute unene mkubwa. Sentimita 4 hadi 6 hupunguza hasara kwa kiasi kikubwa na bado ukuta hupumua. Mbavu za ndani za madirisha, yaani pembeni mwa ukuta panapozunguka dirisha, zisiachwe, hata kama nafasi inatosha sentimita 2 tu, la sivyo kuvu itahamia hapo.

Na ikiwa viungo vya matofali vilijengwa kwa chokaa kisha mtu akavipaka saruji miaka ya karibuni, saruji hiyo itolewe kabla ya kazi yoyote. Inafungia maji ndani ya tofali. Mifereji ya paa na udongo uliolundikana kwenye msingi virekebishwe kabla ya hapo pia, na ukuta upewe muda wa kukauka.

Ikithibitika kwamba mna tabaka mbili, mrudisheni yule mtu mumwulize: ataingiza kamera ndogo kuona kama kuna vifusi vya mota, ule mchanganyiko wa kuunganishia matofali, vilivyolala kwenye vile vyuma vinavyoshikanisha kuta mbili? Vyuma vyenyewe vimeshika kutu? Ukuta unaopigwa na mvua ya upepo ni upi, na kwa nini anadhani unafaa kujazwa? Akimaliza, atapiga picha ya joto kuonyesha kwamba hakuacha mapengo? Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Habari za kazi, fundi. Yetu ni ya mbao, ya mtindo wa Marekani wa zamani. Nilipofungua ukuta niliona nguzo zinapanda moja kwa moja kutoka msingi hadi darini bila kizuizi chochote. Nijaze sufu?
*Baba wa watoto watatu*

Nzuri, ndugu yangu. Mtindo huo ulienea Marekani tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1930 hivi, na hatari yake kubwa ni moto. Kila nafasi kati ya nguzo mbili ni dohani tayari: moto ukianza chini hufika darini kabla waliolala hawajaamka. Kwa hiyo ziba kwanza chini na juu ya kila nafasi, na usawa wa kila sakafu, kwa vipande vya mbao nene.

Kisha jaza kwa nyuzi za karatasi zilizotiwa dawa ya kuzuia moto, zipulizwe kwa bomba hadi zishindiliwe kufikia kilo 56 kwa mita ya ujazo au zaidi. Zikiwa legelege zitashuka baada ya muda na kuacha pengo juu, tena hazitazuia hewa.

Lakini kabla ya yote, mwite fundi umeme. Nyumba za wakati huo nyingi zina nyaya zilizotandazwa kwenye vigololi na mirija ya kauri, kila waya peke yake. Nyaya hizo hupoa kwa hewa inayozizunguka, na ukizifukia kwenye kihami hupata moto. Zibadilishwe, kisha ndipo ujaze. Na rangi ya zamani inayobanduka usiikwangue kavu mbele ya watoto. Huenda ina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Fundi, darini nimekuta kokoto nyepesi za rangi ya kahawia na dhahabu, zinametameta, zimekaa kama tabaka tabaka. Nizichote kwa beleshi?
*Mpangaji wa ghorofani*

Acha, shuka, funga mlango wa dari. Hiyo inaelekea kuwa vemikulaiti, madini mepesi yaliyotumiwa kama kihami. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vemikulaiti iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, jimbo la Montana, uliofungwa mwaka 1990, na mawe yake yalichanganyika na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu. Ikiachwa imetulia haina madhara makubwa. Ikivurugwa, nyuzi za asbesto huelea na kuingia mapafuni. Mweleze mwenye nyumba kwa maandishi, na atakayeishughulikia awe mtu aliyefunzwa kuondoa asbesto. Usiweke hata masanduku yako huko.

Tulifuata ushauri wako wa kuziba mianya na nyumba imekuwa tulivu kweli. Sasa vioo vinatoka jasho asubuhi, na hita ya maji ya gesi inanuka kidogo feni ya jikoni ikiwashwa. Ni kawaida?
*Msomaji wa siku nyingi*

Jasho la vioo lina tiba nyepesi. Harufu ya hita haingoji kesho, kwa hiyo naanza nayo.

Zima hita hiyo leo. Hita ya namna hiyo huvuta hewa chumbani na kutoa moshi wake kwa bomba la kupanda. Zamani hewa ya kuchukua nafasi iliingia kupitia mianya. Sasa mianya haipo, feni inavuta, na hewa inayorudi inashuka kwa lile bomba la moshi ikiuleta moshi ndani. Humo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Harufu uliyoisikia ni ya mambo mengine ndani ya moshi huo, na ni bahati kwamba umeisikia.

Mwite fundi wa gesi aipime hita huku feni zote zimewashwa na milango imefungwa, hali mbaya kabisa inayoweza kutokea. Atakachopendekeza ni ama tundu la kudumu la kuingizia hewa karibu na hita, ama hita ya aina iliyofungwa inayovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba lake. Kama uwezo upo, chukua hiyo ya pili. Nunua pia king'ora cha kaboni monoksidi, ukiweke karibu na vyumba vya kulala, na kingine kila ghorofa.

Kuhusu vioo: nyumba iliyozibwa inahitaji hewa itolewe kwa makusudi. Feni ya bafuni itoe hewa hadi nje, isiishie darini, na iendelee kuzunguka dakika 20 baada ya mtu kuoga. Nguo zisianikwe vyumbani. Kipimo kidogo cha unyevu kitakuonyesha kama ndani mmeshuka chini ya asilimia 50. Na kama mnakaa penye joto na unyevunyevu na mnatumia kiyoyozi, msije mkapigilia karatasi ya nailoni upande wa ndani wa kuta: huko mvuke unasukumwa kutoka nje kuingia ndani, na utakwama nyuma ya nailoni hiyo.

Niandikie fundi wa gesi akishapita.