Mtoto wa miaka 4 anauliza shosho atarudi lini

Pole sana dadangu kwa kumpoteza mama. Huyo mtoi kuuliza kila siku shosho atarudi lini ni kawaida, watoto wa chini ya miaka 5 hivi huona kifo ni kitu cha muda tu, mtu anaenda halafu anarudi, ndio maana analia kidogo kisha anakimbilia katuni. Si ati hana huruma. Lakini hiyo ya kumwambia shosho amelala aki wacha, ataanza kuogopa kulala, na ukisema amesafiri, kila ukienda tao atadhani hutarudi. Sema tu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala baridi, na hawezi kurudi. Kesho atauliza tena, mjibu vilevile. Pia mwambie si makosa yake, umri huo anaweza kudhani shosho amekufa juu alimkasirisha. Mazishi ushago mpeleke kama anataka, ila mweleze mapema kuhusu jeneza na watu kulia, na aunti mmoja akae naye amtoe akichoka. Akianza kukojoa kitandani usimchape, hutokea. Ukiona inazidi piga 116 ya Childline Kenya, laini ya kusaidia watoto, ni bure.