Simiti juu ya ukuta wa matumbawe: kwa nini plasta inabanduka na unga mweupe haukomi

SWALI: Assalaam aleikum. Naishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe tuliyoachiwa na bibi yetu. Miaka mitatu iliyopita tulibandua plasta ya zamani ya chumba cha chini, iliyokuwa imelegea, tukapiga ya simiti. Haikumaliza mwaka ikaota malengelenge, kisha ikaanguka mapande mapande. Tumerudia mara mbili. Zamani unyevu ulikuwa ukifika usawa wa goti; sasa ukuta unatoa unga mweupe hadi kifuani. Fundi asema tuzidishe simiti na tutie dawa ya kuzuia maji. Mwanangu wa kidato cha tatu amesoma kwamba Warumi walijenga bandari kwa chokaa na maji ya bahari, na mpaka leo zimesimama. Aniuliza kwa nini na sisi tusikorogee maji ya bahari, na bahari iko hapa karibu na mlango. Bibi naye, Mungu amrehemu, alikuwa akisema chokaa haifai mpaka ilale. Nimfuate nani?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Mfuate bibi. Simiti usizidishe, dawa ya kuzuia maji usiinunue, na maji ya bahari yaache baharini. Nimefanya kazi ya kemia ya vifaa vya ujenzi miaka mingi, na kwa nyumba za mwambao hakuna ushauri unaoniuma nikiusikia kama huo wa kuongeza simiti, kwa sababu hauharibu plasta peke yake, unakula na jiwe lililo nyuma yake.

Jibu la kwa nini umelitaja mwenyewe bila kujua: unyevu ulikuwa gotini, sasa uko kifuani. Tumbawe lina vitundu vingi mno, na chokaa iliyoshika mawe hayo ina vitundu pia. Ukuta wa namna hiyo unavuta maji ya ardhini kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta. Plasta ya chokaa iliyapa maji njia ya kutoka: yalipanda kidogo, yakafika usoni mwa ukuta, yakakauka kwa upepo. Simiti ina vitundu vidogo zaidi tena vichache, kwa hiyo mlango ule umezibwa. Maji hayakuacha kupanda. Yameendelea juu yakitafuta pa kutokea, na kila mkipandisha plasta ya simiti nayo yanapanda zaidi. Dawa ya kuzuia maji itafanya kazi hiyo hiyo kwa ukamilifu zaidi, na mwakani mtanieleza habari za unyevu wa mabegani.

Maji peke yake yasingevunja kitu. Yanayovunja ni yale yanayobebwa na maji. Maji yakikauka yanaondoka na hewa, lakini chumvi haiwezi kuruka. Inabaki pale pale maji yalipogeukia kuwa mvuke, na hapo inajenga fuwele, zile chembe ngumu kama za sukari. Fuwele inayokua ndani ya kitundu chembamba inasukuma kuta za kitundu, na msukumo huo unaweza kuzidi nguvu za tumbawe na chokaa. Kwenye plasta ya chokaa fuwele zilikuwa zikiota usoni kabisa, mkazifagia asubuhi kwa ufagio. Kwenye simiti zinaota nyuma, katikati ya plasta na jiwe. Malengelenge uliyoyaona ni chumvi ikisukuma kutoka ndani. Chukua pande moja lililoanguka uligeuze. Ukiona ngozi ya tumbawe imeng'oka nalo, basi umeona hasara yenyewe, maana plasta itanunuliwa tena lakini jiwe lile halirudi.

Kuna jambo la hewa ya Lamu linalozidisha maradhi haya. Chumvi ya kawaida, sodiamu kloraidi, ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukipita karibu asilimia 75, inavuta maji kutoka hewani mpaka inayeyuka yenyewe. Ndiyo sababu chumvi jikoni hulowa ndani ya kopo siku za mvua. Unyevu ukishuka chini ya hapo inakauka na kuwa fuwele tena. Hewa ya mwambao inavuka mpaka huo mara kwa mara, usiku na mchana, kusi na kaskazi, na kila inapovuka fuwele zinakufa na kuzaliwa upya ndani ya ukuta. Kwa hiyo unga utauona zaidi upepo mkavu ukivuma, na siku za mvua utaona ukuta umelowa hata pasipo bomba linalovuja.

Kabla ya kuniamini, upime unga huo mwenyewe. Kwangua kidogo utie katika glasi ya maji safi. Ukiyeyuka wote, ni chumvi. Usipoyeyuka, mwaga maji yale, kisha udondoshee siki: ukitoa povu ni chokaa iliyogeuka jiwe, na hiyo haina madhara. Mara nyingi utakuta mchanganyiko. Fanya na mchanga wa fundi pia. Jaza kikombe cha mchanga, tia maji ya mvua au ya chupa, koroga, acha utuame, kisha yale maji ya juu uyaanike katika sahani juani. Yakikauka yakaacha ukoko mweupe wenye ladha ya chumvi, mnalipa kwa mikono yenu kutia chumvi ukutani. Maji ya kisima yapimeni vivyo hivyo, maana visima vingi vya mjini vina chumvi. Na mchanga wa vilima vya Shela, hata ukionekana safi namna gani, tafadhali msiuguse: vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa mjini.

Sasa bibi. Chokaa ni jiwe linalofanya safari na kurudi kwao. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa tanuuni kwa joto la karibu nyuzi 900, linatoa kaboni dayoksaidi na kubaki kalsiamu oksaidi, ile chokaa kali. Kilo 100 za jiwe safi zinakuwa kilo 56. Zile 44 zimekwenda na moshi. Ukiirowesha chokaa kali katika maji inachemka kwa nguvu zake yenyewe na kuwa kalsiamu haidroksaidi, ule uji mzito mweupe. Ukiipaka ukutani inaanza kuvuta hewani ile kaboni dayoksaidi iliyoipoteza motoni, na pole pole inarudi kuwa jiwe lile lile. Simiti haingoji hewa. Inashikana kwa maji, ndiyo maana ina haraka na mafundi wanaipenda. Lakini Ngome ya Lamu ilikamilika mwaka 1821, miaka mitatu kabla mwashi Joseph Aspdin hajapata hataza ya simiti ya Portland, babu wa simiti ya leo, huko Uingereza. Ukuta wa bibi yako ni wa ukoo wa ngome ile.

Kuhusu chokaa kulala, kuna sababu mbili. Ya kwanza waashi wote wa zamani waliijua: vipande vilivyochomwa kupita kiasi vinachelewa kunywa maji, na vikipigwa ukutani kabla ya kuiva vinavimba baadaye na kuirusha plasta vipande vidogo vidogo. Ya pili imeonekana kwa hadubini. Mwaka 1998 Carlos Rodriguez-Navarro wa Granada, Hispania, na wenzake walionyesha kwamba uji wa chokaa ukikaa chini ya maji kwa muda mrefu, fuwele zake zinapungua ukubwa na kuwa vibapa vyembamba. Vibapa hivyo vinateleza vizuri chini ya mwiko, vinashika maji, na vinavuta hewa upesi zaidi. Bibi hakuwa na hadubini, ila mkono wa fundi wake uliusikia ule ulaini.

Mwanao nimefurahi naye, na nataka apewe jibu kamili, si kunyamazishwa. Aliyoyasoma ni kweli. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkeno ya pande za Naples, Italia. Mwaka 2017 mtafiti Marie Jackson na wenzake walieleza kwamba maji ya bahari yakipenya katika zege hilo yanaotesha ndani yake madini mapya, tobamoraiti mojawapo, yanayozidi kulishikanisha kadiri karne zinavyopita. Mwaka 2023 kundi la Admir Masic wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, likaongeza jingine: yale madonge meupe katika zege la Kirumi, yaliyodhaniwa ni uzembe wa kukoroga, yametokana na kutia chokaa kali moja kwa moja ikiwa bado ya moto. Ufa ukitokea, maji yanapita, yanayeyusha chokaa ya donge na kuupachika ufa. Walipasua zege lao la majaribio, wakapitisha maji, na baada ya wiki mbili maji yakashindwa kupita.

Lakini hebu amtazame huyo Mrumi alikuwa akijenga nini. Kwanza ana majivu ya volkeno, yenye silika na alumina ambazo chokaa inashikana nazo. Sisi Lamu hatuna, tuna matumbawe na mchanga. Pili, gati lake limezama au linapigwa na maji daima, na chumvi isiyokauka haiwi fuwele. Ukuta wa chumba chenu unakauka kila siku. Tatu, hakutia nondo, na kloraidi ya chumvi ndiyo inayoivua nondo ngozi inayoikinga na kutu. Hata donge la chokaa ambalo ni tiba katika zege nene lile, katika plasta ya unene wa kidole ni kile kile kivimbe bibi alichokikimbia. Mwambie apige hesabu hii: maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Ndoo moja ya lita 20 mtakayokorogea ni gramu 700. Angemwona mtu akimwaga karibu robo tatu ya kilo ya chumvi ndani ya karai, angemshika mkono.

Kama anataka fundisho la Warumi linalotufaa, lipo katika vigae. Udongo uliochomwa kwa moto usio mkali sana, ukisagwa unga, unafanya sehemu ya kazi ya yale majivu, na Warumi wenyewe waliutia katika mahodhi ya maji. Mkitaka kutengeneza birika la bafuni, hapo jaribuni kidogo. Ukuta wa chumba hauuhitaji.

Kazi yenyewe ianze chooni na bafuni. Plasta yoyote itashindwa kama maji ya kuogea yanapenya chini ya ukuta huo, kwa hiyo tazameni kwanza mabomba na shimo. Kisha bandueni simiti yote, taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo, mpite kama nusu mita juu ya pale unga ulipofika. Palipong'ang'ana sana na jiwe pachongwe kidogo kidogo, msipige kwa hasira. Uacheni ukuta uchi kwa miezi, si kwa wiki. Chumvi inayotoka ifagieni kavu kwa brashi, muikusanye mkaitupe mbali na ukuta. Msiioshe, kwa kuwa mkiimwagia maji mnairudisha ndani.

Palipo na chumvi nyingi bandikeni uji wa karatasi za choo zilizoloweshwa maji yasiyo na chumvi, unene wa sentimita moja au mbili, ukauke hapo hapo. Maji yanaingia ukutani, yanayeyusha chumvi, na yanaporudi nje yanaikabidhi kwa karatasi. Rudieni mara mbili tatu.

Chokaa nunueni ya mfuko dukani. Tumbawe lililo hai liachwe baharini, nayo mikoko isikatwe kwa tanuu, maana kwa kemia kalsiamu ni ile ile. Ipimeni dukani kwa siki kabla ya kulipa: chokaa nzuri haitoi povu la maana, iliyochacha povu linainuka kwa sababu imekwisha kugeuka jiwe mfukoni. Iloweke katika pipa lenye kifuniko, maji yaifunike, ilale wiki kadhaa au zaidi. Kisha korogeni debe moja la uji wa chokaa kwa matatu ya mchanga uliooshwa kwa maji matamu, mzito, wa kugandamana kwenye mwiko. Lowesheni ukuta kidogo, pigeni tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, mngoje lishike ndipo lifuate la pili. Ning'inizeni magunia yaliyolowa mbele yake siku kadhaa. Ikikauka ghafla kwa jua na upepo haitapata wasaa wa kuvuta hewa, nayo itapasuka. Kushika kwake kunaingia ndani kama milimita moja kwa mwezi. Juu yake pakeni chokaa tu. Rangi ya mafuta au ya plastiki ni simiti iliyopakwa kwa brashi.

Baada ya miaka kadhaa sehemu ya chini itaanza tena kutoa unga na kulegea. Msishtuke. Plasta hii imewekwa iliwe na chumvi ili tumbawe lisiliwe, na mtabadilisha mkanda ule wa chini peke yake.

Mwanao akitaka kushiriki, na aruhusiwe, ila avae miwani na glavu hata kwa ile chokaa ya mfuko. Ule uji ni mkali kuliko sabuni yoyote, na tone moja jichoni linaweza kuunguza kioo cha jicho. Ndoo ya maji safi ikae karibu saa zote. Ikimrukia, jicho lisuuzwe kwa maji mengi dakika 20 bila kusimama, kisha hospitali moja kwa moja. Na kama mtapata chokaa kali ya tanuuni badala ya ile ya mfuko, hiyo itiwe kidogo kidogo ndani ya maji mengi na mtu mzima, watoto wakiwa mbali, kwa kuwa inachemka na kuruka.