Karatasi ya trafiki imepotea na tarehe ya korti imepita: nianzie wapi Mombasa?

Ndugu uliyeuliza, kisa chako nimekisoma chote. Kwa wanaoingia sasa: kijana alisimamishwa karibu na Kongowea akiendesha Probox ya mjomba wake, akaambiwa alikuwa anatumia simu. Mjomba akaja kituoni, dhamana ya shilingi 5,000 ikawekwa, akapewa tarehe ya korti. Karatasi ikapotea, tarehe ikapita yeye akiwa kazini Voi, na sasa kuna mtu anampigia akitaka atumiwe 6,000 "faili lifungwe". Anauliza aanzie wapi, na je, akijipeleka atatiwa ndani?

Mimi nimeendesha matatu miaka mingi, na sasa nina tuktuk wanazoendesha vijana. Korti za trafiki za huku nimezizoea kuliko nilivyotaka, basi nitakujibu kwa niliyoyaona.

Huyo wa 6,000 kwanza. Usimtumie hata ndururu. Katika jedwali la makosa madogo ya trafiki lililotolewa mwaka 2016, kutumia simu ukiendesha faini yake ni 2,000. Yeye anataka mara tatu ya hiyo kwa kazi asiyokuwa na mamlaka nayo. Faili likishaingia kortini hulifunga hakimu, kwa amri inayoandikwa ndani yake. Mtu wa nje anaweza kulichelewesha, anaweza kulifukia chini ya mengine, lakini kulifunga hawezi. Na siku likifukuliwa, jina lililomo ni lako, si lake. Akiendelea kukusumbua, weka namba yake na jumbe zake. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, wana ofisi hapa hapa mjini.

Sasa kazi yenyewe. Unachotafuta ni namba ya kesi, maana bila hiyo kila dirisha utakalosimama utaambiwa nenda kule. Anzia kituo kilichokukamata, si kortini. Fika asubuhi, ulizia ofisi ya trafiki, uwape tarehe na saa uliyokamatwa, namba ya gari, na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Vitabu vyao vina namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na kumbukumbu ya dhamana. Kama mjomba alipiga picha ile risiti ya dhamana, kazi yako imepungua nusu. Kama nayo imepotea, papo hapo ripoti kupotea kwake na uchukue abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuthibitisha umeripoti, kwa sababu utaihitaji mwisho wa safari. Kisha uliza swali moja kwa uwazi: hati yangu ya mashtaka mliipeleka korti gani?

Swali hilo usilione dogo, kwani hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu akisikia "korti ya Mombasa" moyo wake waenda kisiwani. Lakini Shanzu kuna mahakama yake, na waliokamatwa upande wa kaskazini wengi hujikuta huko. Ukikamatwa ukielekea Diani waweza kuitwa Kwale, na barabara ya Nairobi kuna Mariakani. Nina kijana wangu aliyekaa kwenye benchi mjini mpaka adhuhuri akingoja jina lake, kumbe limeshaitwa Shanzu asubuhi na hati ya kumkamata imetoka. Alikuwa kortini kweli, na shati amepiga pasi, ila korti siyo.

Ukishajua korti, usiende moja kwa moja kwenye chumba cha hakimu. Pita dawati la huduma kwa wateja, wakuelekeze masjala inayoshika faili za trafiki. Watatafuta jina lako kwenye kompyuta, na hapa majina yetu ya Pwani yanatuponza. Askari anaandika anavyosikia. Wewe ni Khamis kwenye kitambulisho, kwenye hati ya mashtaka umekuwa Hamisi. Mohamed ana sura nne au tano, Said anaongezwa "i", na jina la babu linarushwa mbele. Karani akikwambia "hakuna kitu", mwombe kwa adabu ajaribu maandishi mengine, au atafute kwa tarehe na kituo. Mara nyingi utaonekana. Namba yenyewe huwa na herufi E mbele na mwaka nyuma yake. Iandike, ipige picha, umtumie na mjomba.

Ukishakuwa nayo, orodha ya kesi za siku utaifuatilia mwenyewe: hubandikwa kortini, na pia huwekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako utaona kesi iko mbele ya hakimu yupi na saa ngapi.

Kuhusu kutiwa ndani, sitakudanganya. Tarehe imepita, jina liliitwa, hukuwepo. Yawezekana sana hati ya kukukamata imetolewa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeletwa na polisi baada ya kunaswa tena kwenye kizuizi cha barabarani na mtu aliyejipeleka kwa miguu yake. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, mwone karani wa chumba cha hakimu kabla hakimu hajaketi, mwambie: nilikosa kufika tarehe fulani, namba ya kesi ni hii, naomba faili liitwe ili niombe hati iondolewe. Beba kitu cha kushika mkononi, barua ya mwajiri au tiketi ya safari. Hakimu atakuuliza kwa nini hukuja. Jibu kwa ufupi, usihutubu.

Watu wanapenda kutaja ibara ya 49 ya Katiba, kwamba mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Ni kweli imo. Ila mtu aliyeachiliwa kwa dhamana akakosa kuja ameongeza jambo jingine juu ya lile la kwanza, na korti ina uwezo wa kuamuru dhamana yake itwaliwe. Ndiyo maana nasema wahi mwenyewe.

Sasa kizimbani, na hapa soma polepole. Karani atasoma shtaka, mara nyingi kwa kasi. Omba lisomwe kwa Kiswahili kama limesomwa kwa Kiingereza. Ni haki yako. Akimaliza atakuuliza: ni kweli au si kweli? Majibu ni hayo mawili tu, ingawa sisi tunapenda kutia la tatu. Nilikuwa nimeketi nyuma siku moja, kijana wa tuktuk anashtakiwa kwa kuzuia barabara:

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli Mheshimiwa, lakini gari lilikuwa limezima, nilikuwa nalisukuma nitoke."

Hakimu akainua kichwa. "Unakubali au unakataa?"

"Nakubali, ila haikuwa makusudi."

Hakimu akaandika kwamba amekataa mashtaka, akampangia tarehe ya kusikilizwa. Kijana akatoka amekasirika, kwani alikuja na pesa ya faini mfukoni amalize siku hiyo. Mimi naona hakimu alitenda haki. Anayesema ndiyo na kutoa sababu ya kumtoa hatiani hajakiri, na kuzuia barabara kwenye lile jedwali ni 10,000, si pesa ya kulipa kwa kuchanganyikiwa.

Ukisema ni kweli, bado kuna hatua ya pili ambayo wengi huipita wakiitikia kichwa tu. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio: siku fulani, barabara fulani, mshtakiwa alionekana akifanya hivi. Utaulizwa kama maelezo ni ya kweli. Sikiliza. Kama yana jambo usilolifanya, sema. Baada ya hapo hakimu hukupa nafasi ya kujitetea upunguziwe. Hapo ndipo mahali pa kusema ni kosa la kwanza, una watoto, gari ni la mjomba. Si kabla.

Umeandika kwamba simu ilikuwa kwenye kishikizo na ulikuwa ukitazama ramani. Kama ndivyo, una la kusema, na unaweza kukataa mashtaka. Una haki ya kupewa ushahidi walio nao kabla ya kesi kusikilizwa, na askari aliyekusimamisha atakuja kuapa na wewe utamuuliza maswali. Lakini pima na mfuko. Kesi huahirishwa, askari huhamishwa, na kila tarehe ni nauli ya kutoka Voi na siku ya kazi. Ningekuwa mimi, na simu kweli ilikuwa kwenye kishikizo, ningekataa na kuomba tarehe za kutajwa kesi tu, zisizo za kusikiliza mashahidi, niunganishwe kwa video. Kama ilikuwa mkononi, ningesema ni kweli nirudi kazini. Ujue pia ukishakiri, rufaa yako hubaki kwenye adhabu tu, si hatia, na muda wake ni siku 14.

Kwa wenzangu mlioshtakiwa kwa mwendo kasi na mkauliza faini zake kwenye jedwali hilo hilo: kuzidisha kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Na sheria ya trafiki inasema huwezi kutiwa hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja tu kwamba "alikuwa anakimbia". Kuna haja ya kifaa au ushahidi mwingine. Vilevile mlitakiwa kuonywa pale pale kwamba mtashtakiwa, au mpate samansi au notisi ndani ya siku 14. Ulizeni hayo kizimbani, msiyalalamikie kijiweni.

Na yule aliyeuliza habari za gari lake kufungwa mnyororo kwa ajili ya maegesho kule Digo Road: hiyo ni kazi ya serikali ya kaunti, sheria zake mbali na malipo yake mbali. Usiitafute kwenye masjala ya trafiki.

Ukitozwa faini, utapewa ankara na utalipa kwa M-Pesa kwa namba iliyo kwenye ankara hiyo. Usimpe pesa mkononi askari wa kizimbani, wala karani, wala yule bwana wa mlangoni mwenye tai na bahasha anayejiita wakili. Ujumbe wa malipo ukiingia, rudi uchukue risiti, na usiondoke kabla hujahakikisha imeingia kwenye faili na hati ya kukamatwa imeandikwa imeondolewa. Omba na nakala ya hiyo amri ukae nayo garini miezi michache, maana habari za kuondolewa kwake huchelewa kufika vituoni.

Imebaki ile 5,000. Kama hakimu hajaamuru itwaliwe, waweza kuomba pale pale faini ikatwe humo na salio lirudishwe. Mdomo wako ndio utakaoomba, korti haitakukumbusha. Marejesho yanataka risiti ya dhamana au ile abstrakti, na hurudishwa kwa aliyeandikwa kwenye risiti, yaani mjomba. Mwambie mapema aje na kitambulisho chake na maelezo ya benki. Nani kati yenu ana haki na hilo salio, hayo mtayamaliza nyumbani.