Magavana kama Kenya? Tuanze na mkurugenzi kwanza

Kaka unayesema tuige magavana wa kuchaguliwa wa Kenya nakuelewa ila ngoja kidogo, wenzetu kaunti zao 47 zipo kwenye katiba ya 2010, na mgao wao usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa umeandikwa humohumo, sio hisani ya mtu. Sisi huku Tanzania mkuu wa mkoa anateuliwa, DC (mkuu wa wilaya) anateuliwa, mkurugenzi wa halmashauri naye anateuliwa, halafu diwani tuliyempanga foleni juani kumpigia kura ndo hana meno. Juzi nimemkuta wa kwetu sokoni kapanda boda, namuuliza lile kalavati lililobebwa na mvua vipi, akanionyesha simu, kampigia mhandisi mara tatu hapokelewi 😂 sasa mimi nimlaumu nini?

Na kuongeza halmashauri sio dawa jamani. Mkoa wa Mtwara una wilaya 5 halmashauri 9, Masasi mbili, Newala mbili, wilaya ya Mtwara yenyewe tatu ukihesabu Nanyamba, kila moja na mkurugenzi wake na wakuu wa idara na magari, wakati mapato yenyewe tunategemea ushuru wa korosho, msimu ukiyumba vikao vinakuwa vya kulalamika tu. Hata ile levi (tozo) ya korosho za kwenda nje ilivyobebwa yote Hazina 2018, madiwani wa huku walikuwa na la kusema?

Mi ningeanza na mkurugenzi, aombe kazi kwa baraza la madiwani na baraza liweze kumtoa. Gavana baadae.